BIBI ZAINAB EVELYN COBBOLD: HAJJAT WA USKOTI NA JAMAA ZAKE



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji na wanafunzi wetu wapenzi, katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kuwaelezeni habari za masahaba na za maulamaa wa Afrika Mashariki. Mara hii tumemchagua mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia. Ni mwanamke wa Kizungu, tena wa ukoo wa makabaila wa Uskoti, aliyeishi miaka 95 na akafa Mwislamu. Jina lake la kuzaliwa ni Lady Evelyn Murray, kwa ndoa akawa Cobbold, na Waislamu wenziwe walimwita Zainab.

Sababu ya kumchagua ni hii. Hapa kwetu Ujiji na Kigoma, na katika vijiji vya ufukweni tangu Kagunga mpaka Kalya, nyumba nyingi zina watu wa dini mbili. Baba ni Mwislamu, lakini wajomba ni Wakristo. Au mama alisilimu alipoolewa, na ndugu zake wa Kasulu au wa ng'ambo ya ziwa wamebaki katika dini yao. Wanafunzi wetu wengine wana bibi ambaye huwapikia futari katika Ramadhani ilhali yeye mwenyewe hafungi.

Miaka si mingi iliyopita tulihudhuria msiba wa mzee mmoja aliyesilimu ukubwani. Maiti ilikaa ndani tangu asubuhi mpaka jua likakaribia kuzama, kwa kuwa watoto wake wa ndoa ya kwanza walitaka kumzika kwa taratibu za kanisa lao, na sisi wa msikitini tulitaka kumsalia. Mzee mwenyewe hakuacha neno lolote, si la mdomo mbele ya mashahidi wala la maandishi. Mwishowe wazee wa mtaa waliamua, akasaliwa na akazikwa usiku kwa mwanga wa karabai. Lakini wale watoto wake hawakuja makaburini. Siku ile tulirudi nyumbani na huzuni, maana maneno yaliyosemwa mbele ya maiti hayakuwa ya watu wa dini, si upande wao wala upande wetu.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwaza: je, Mwislamu aliye peke yake katika ukoo wake aishi nao vipi, na afe vipi? Maisha ya Bibi Zainab yanatusaidia kulijibu swali hilo.

NASABA YAKE

Evelyn alizaliwa tarehe 17 Julai 1867 katika mji wa Edinburgh. Baba yake, Charles Adolphus Murray, alikuwa Earl wa saba wa Dunmore. Earl ni cheo cha makabaila wa Uingereza, nacho hurithiwa: baba akifa, humshukia mtoto wa kiume. Watu wa cheo hicho walikuwa na mashamba makubwa, majumba, watumishi wengi, na heshima mbele ya mfalme au malkia. Mama yake, Lady Gertrude Coke, naye alikuwa binti wa Earl, yule wa Leicester. Kwa hiyo Evelyn alikuwa mtu wa daraja la juu kwa baba na kwa mama.

Baba huyo alipenda mno kusafiri. Mwaka 1892 alivuka milima mirefu ya Asia ya Kati, akapita Kashmir na nchi za Pamir, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Kaka huwa wa kwanza katika kurithi, lakini kwa umri Evelyn alimtangulia Alexander, ndugu yake wa kiume, aliyekuja kurithi cheo cha baba yao mwaka 1907. Alexander alikuwa askari. Mwaka 1897 alipigana katika bonde la Swat, nchi ambayo leo ni sehemu ya Pakistan, dhidi ya Waislamu wa Kipathani walioinuka kuupinga utawala wa Waingereza. Kwa vita hivyo alipewa nishani kubwa kuliko zote za ushujaa katika nchi yao, Victoria Cross.

Basi fikirini, wanafunzi. Dada moyo wake umeelekea kwa Waislamu, na ndugu yake wa damu amepewa nishani kwa kupigana nao. Na wote wawili walilelewa na mama mmoja.

MALEZI YAKE ALJERIA

Nchi ya Uskoti ina baridi kali, na matajiri wa zamani walikuwa na desturi ya kuhamia nchi za joto wakati wa kipupwe. Familia ya Dunmore ilikuwa na nyumba ya mtindo wa Kiarabu kwenye kilima nje ya mji wa Algiers, huko Aljeria, nchi iliyovamiwa na Wafaransa mwaka 1830. Evelyn alipitisha huko miezi mingi ya utoto wake, na miezi mingine Cairo.

Katika nyumba ile alikuwa na mwalimu wa Kizungu wa kumfundisha adabu na masomo. Lakini mtoto ni mtoto. Kila alipopata upenyo alimkwepa mwalimu wake, akatoka na rafiki zake wa Kialjeria, akaingia nao misikitini. Kiarabu alikijua kwa kucheza nao. Hakuna sheikh aliyekaa naye kumfundisha nguzo za Uislamu. Alichokiona ni watu wa kawaida wa nyumba na mtaa wakitawadha, wakisujudu, wakisema bismillahi kabla ya kula.

Miaka ikapita, familia ikaacha kwenda Aljeria, na Evelyn akakua, akasahau mengi. Baadaye, alipoandika habari zake, alieleza kwamba hakumbuki siku wala saa aliyosilimu. Alijiona kuwa tangu udogoni alikuwa Mwislamu moyoni bila ya kujua. Alilieleza jambo hilo kwa fundisho mnalolijua nyote, la kuwa kila mtoto huzaliwa katika fitra.

NDOA NA WATOTO

Mwaka 1891, huko Cairo, Evelyn aliolewa na John Dupuis Cobbold. Bwana huyu hakuwa kabaila kwa asili, bali alitoka katika ukoo tajiri wa mji wa Ipswich, mashariki mwa Uingereza. Na utajiri wao, ndugu wasomaji, ulitokana hasa na kutengeneza bia. Hatulifichi jambo hili, kwani hatuandiki ili kumpamba mtu. Tunataka mjue ni nyumba ya namna gani aliyoishi mwanamke aliyekuja kuitwa Zainab.

Walizaa watoto watatu: Winifred mwaka 1892, Ivan mwaka 1897, na Pamela mwaka 1900. Watoto hao walikua katika dini ya baba yao.

Maisha ya Ipswich hayakumtosheleza. Mara kwa mara alirudi Misri na jangwani. Mwaka 1912 alitoa kitabu kidogo juu ya safari yake katika jangwa la Libya, na ndani yake huonekana jinsi alivyovutiwa na sala za wenyeji. Kufikia mwaka 1915 marafiki zake wa Kiarabu walikuwa wakimwandikia barua kwa jina la Zainab. Pia alifahamiana na Marmaduke Pickthall, Mwingereza aliyetangaza Uislamu wake mwaka 1917 na kutoa tafsiri yake mashuhuri ya Qur'ani kwa Kiingereza mwaka 1930.

Ndoa yake haikudumu kwa raha. Mwaka 1922 yeye na mumewe walitengana, naye akakaa zaidi katika shamba lake la Glencarron, kwenye milima ya kaskazini ya Uskoti. Huko alikuwa mwindaji hodari wa kulungu na mvuvi wa samaki wa mitoni, akipanda milima na bunduki yake kama wanaume wa nchi ile.

JIBU ALILOMPA PAPA

Kuna kisa kimoja katika maisha yake ambacho yeye mwenyewe amekisimulia. Alikuwa Roma akiwatembelea marafiki zake Wataliani. Mwenyeji wake akamwuliza kama angependa kwenda kumwona Papa, kiongozi wa Wakatoliki. Akakubali, akavaa nguo nyeusi na mtandio kama ilivyo desturi ya huko, wakaenda.

Papa akazungumza naye, na katika mazungumzo akamwuliza iwapo yeye ni Mkatoliki. Evelyn alishtuka kidogo, kisha akajibu kwamba yeye ni Mwislamu. Anasema mwenyewe hajui ni kitu gani kilichompata, kwa sababu kwa miaka mingi hakuwa ameufikiria Uislamu. Lakini neno lilikuwa limetoka. Tangu hapo aliazimia kuisoma dini hii kwa bidii, asiishie katika kumbukumbu za utoto.

Tazameni mahali alipoulizwa na mtu aliyemwuliza. Wapo miongoni mwetu, tena waliozaliwa katika Uislamu, ambao wakiwa shuleni au kazini mbele ya bosi huona haya hata kuomba ruhusa ya kuswali Adhuhuri.

SAFARI YA HIJA, MWAKA 1933

Mwaka 1929 John Cobbold alifariki. Mwaka 1932 akafariki Pamela, mtoto wake wa mwisho, akiwa bado mwanamke kijana. Mama aliyemzika mtoto wake ndiye aliyefunga safari ya Hija mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 65.

Hapa inafaa tumkumbuke mtu mwingine. Wanafunzi wanaokwenda kuangalia kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji huelezwa pia juu ya Burton na Speke, waliofika ziwani kwetu Februari 1858. Huyo Richard Burton, miaka mitano kabla ya kufika Ujiji, aliingia Madina na Makka. Alikwenda mwaka 1853 kwa kubadili nguo na jina, akijifanya Mwislamu wa Kipathani, kisha akarudi kwao kuandika kitabu. Kwa ajili ya wasafiri wa namna yake, watu wa Hijazi walimtazama kwa shaka kila mwenye uso wa Kizungu. Miaka 80 baada ya Burton akaja Bibi Zainab. Yeye hakujificha. Alikwenda kwa jina lake, akabisha hodi mlangoni, akangoja afunguliwe.

Kwanza alimwendea Sheikh Hafidh Wahba, balozi wa Mfalme Abdul Aziz bin Saud mjini London, naye akamwandikia Mfalme. Kisha mama huyu akapanda meli mpaka Jidda, akakaa kungojea ruhusa nyumbani kwa Philby, Mwingereza aliyesilimu mwaka 1930 na kuitwa Abdullah, pamoja na mkewe. Ilipita siku nyingi bila jibu. Mtu wa daraja lake, aliyezoea kufunguliwa kila mlango, ilimbidi asubiri kama anavyosubiri mgeni yeyote. Hatimaye ruhusa ikaja.

Saudi Arabia ya mwaka ule siyo ya leo. Jina la ufalme huo lilikuwa na umri wa miezi michache tu, kwani ulitangazwa mwaka 1932. Mafuta yalikuwa bado hayajachimbwa. Mkataba wa kuyatafuta ulitiwa saini Mei 1933, baada ya Hija, na mafuta ya kutosha biashara yalipatikana mwaka 1938. Serikali ilitegemea sana mahujaji, na kwa sababu ya hali mbaya ya uchumi duniani, mahujaji wa mwaka ule walikuwa wachache kuliko wa miaka ya nyuma.

Alianza na Madina, akisafiri kwa motokaa katika njia za mchanga na mawe, safari ya kilomita kama 400 kutoka Jidda. Huko alikaa katika nyumba ya watu, pamoja na wanawake na watoto wa nyumba hiyo, akazuru Msikiti wa Mtume (S.A.W.). Baadaye akaingia Makka kwa ihramu, akatufu Al-Kaaba na kusai baina ya Safa na Marwa, akaenda Mina na akasimama Arafa. Wanahistoria humtaja kuwa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Uingereza ambaye Hija yake imeandikwa.

Anasimulia kwamba katika tawafu alijiona mtu mmoja tu ndani ya umati wa watu wa kila taifa, wote wamejisalimisha kwa Mola mmoja. Huyu ni binti wa Earl, aliyezaliwa ambapo watu hupangwa kwa vyeo hata wanapokaa kwenye meza ya chakula. Pale Makka hapakuwa na aliyemwuliza baba yake ni nani.

Mtauliza juu ya mahramu wake katika safari hiyo. Suala hilo maulamaa wamelijadili, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i (r.a.) kuna maelezo juu ya Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu. Mwulizeni mwalimu wenu wa fiqhi awafafanulie, kwani hapa tunasimulia historia, hatutoi fatwa.

BAADA YA HIJA

Mwaka 1934 kilitoka kitabu chake cha safari hiyo, kiitwacho Pilgrimage to Mecca. Alikiandika ili watu wake wa Uingereza wauone Uislamu kama alivyouona yeye, majumbani mwa Waislamu wenyewe. Aliwaelezea wanawake wa Madina na Makka kuwa watu wenye akili, ukarimu na heshima katika nyumba zao, wakati ambapo waandishi wengi wa Kizungu waliwaeleza kana kwamba ni wafungwa.

Hata Afrika Mashariki yetu alifika. Alitembelea Kenya, na mwaka 1935 akatoa kitabu juu ya nchi hiyo.

Je, jamaa zake walimfanyaje? Wao hawakusilimu, na yeye hakuwaacha. Mwanawe Ivan ndiye aliyeifanya timu ya mpira ya Ipswich Town kuwa timu ya kulipwa mwaka 1936. Ninyi mnaokesha kuangalia ligi ya Uingereza mnaijua timu hiyo, lakini mlikuwa hamjui kwamba mwenyekiti wake alikuwa mtoto wa Hajjat. Tarehe 18 Juni 1944, siku ya Jumapili, Ivan alikuwa katika kanisa la wanajeshi mjini London, ibada ikiendelea. Bomu la Wajerumani, lile la kuruka lisilokuwa na rubani, likaangukia kanisa hilo na kuua watu zaidi ya 100. Ivan alikuwa mmoja wao. Mama yake alikuwa na umri wa miaka 76.

Kwa hiyo Bibi Zainab alizika mume aliyetengana naye, binti, na mwana, wote wa dini nyingine, na yeye akabaki. Mjukuu wake John, mtoto wa Ivan, alikuja kuwa mwenyekiti wa timu ile ile mwaka 1957, na mwaka 1962 Ipswich ikawa bingwa wa Uingereza. Bibi yake alikuwa hai bado, Mwislamu mzee katika milima ya Uskoti.

KIFO CHAKE NA MAZISHI

Bibi Zainab alifariki Januari 1963, katika nyumba ya kuuguzia wazee mjini Inverness. Mwezi ule Uingereza ilipatwa na baridi kali isiyokuwa na mfano kwa miaka mingi, theluji imefunika kila mahali.

Alikuwa amekwisha kuusia namna ya kuzikwa kwake. Alitaka alazwe katika ardhi yake ya Glencarron, mlimani, kwa taratibu za Kiislamu. Karibu na hapo hapakuwa na jamaa wa Kiislamu. Imamu aliitwa kutoka msikiti wa Woking, uliojengwa mwaka 1889, kusini kabisa mwa Uingereza. Akasafiri nchi nzima, kutoka kusini mpaka kaskazini, katika theluji ile, ili kumsalia mwanamke mmoja.

Wakakutana mlimani: imamu, jamaa wa marehemu ambao hawakuwa Waislamu, na watu wa shamba. Imamu alisoma kwa Kiarabu. Mpiga zumari wa Kiskoti akapiga zumari lake la mfuko, kama ilivyo ada ya nchi yao kwa wafu wao. Sisi hatuna zumari katika janaza, na hatulisemi hili ili mtu aliige, bali ndivyo ilivyokuwa. Bibi Zainab akalazwa akielekezwa Makka, na juu ya kaburi likawekwa bamba la jiwe lenye Aya ya Nuru, ile iliyomo katika Surat An-Nur.

Jamaa zake wangeweza kufanya watakavyo. Maiti haisemi. Walikuwa na kanisa lao, makaburi ya ukoo wao, na hoja ya baridi na umbali. Lakini walitekeleza alichousia.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, hatujui ni nani anayetuangalia. Uislamu ulimfikia Bibi huyu kwa watoto aliocheza nao Algiers. Majina yao hatuyajui, na wao wenyewe huenda walikufa bila ya kujua kwamba yule mtoto wa Kizungu aliyekuwa akiingia nao msikitini alikuja kusimama Arafa. Ewe mwanafunzi, unapotoka madrasa na juzuu yako mkononi ukapita sokoni Mwanga au mwaloni kwenye mitumbwi, mwenzako wa dini nyingine anakuona. Akikusikia unatukana, hayo ndiyo atakayoyajua juu ya dini yako.

Pili, kuwa Mwislamu hakukuamrishi kukata udugu. Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa Madina na mama yake aliyekuwa bado mshirikina. Akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama aunge udugu naye, na Mtume akamwamuru aunge. Katika Surat Luqman pia tumefundishwa kuwa wazazi wakitushika tumshirikishe Mungu tusiwatii katika hilo, lakini tukae nao duniani kwa wema. Jamaa za Bibi Zainab hawakulazimishwa na sheria yoyote ya Kiislamu kumwita imamu wa Woking. Tunaamini waliheshimu maneno yake kwa sababu yeye aliendelea kuwa mama na bibi yao.

Tatu, wasia. Hili ndilo tunalolisisitiza kwa wazazi wanaosoma ukurasa huu pamoja na watoto wao. Ikiwa umesilimu na ndugu zako hawajasilimu, usiwaachie watu mzigo wa kubishana mbele ya jeneza lako. Waite ndugu zako ukiwa mzima, na wa msikitini wawepo, useme unavyotaka kuzikwa. Uandike, mashahidi watie sahihi, na nakala moja iwekwe kwa imamu. Katika sheria yetu Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani, lakini waweza kumuusia jamaa yako asiyekuwa Mwislamu katika thuluthi ya mali yako. Kwa hiyo hata hapo mlango wa wema haukufungwa. Laiti yule mzee wetu angalifanya hivyo, watoto wake wangalikuja makaburini.

Nne, tusimfanye mtu kuwa malaika. Bibi Zainab aliishi miaka mingi ya ujana na utu uzima wake bila ya kuisoma dini, na mengi ya desturi za kikabaila alikaa nayo mpaka uzeeni. Hatukumweka hapa ili mabinti zetu wafuate kila alilolifanya, maana kwa hilo tunao Mama Khadija, Bibi Aisha na Bibi Fatma (r.a.). Tumemweka ili mjue kwamba mtu anaweza kuwa peke yake katika ukoo mzima, akaulizwa dini yake na Papa, akajibu, na akalisimamia jibu lake mpaka kaburini.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu Bibi Zainab, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na aziunganishe nyumba zetu kwa wema. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Baba yake Bibi Zainab alikuwa na cheo gani, na cheo hicho hupatikana vipi?
2. Eleza tofauti baina ya safari ya Burton ya mwaka 1853 na ile ya Bibi Zainab ya mwaka 1933.
3. Kwa nini serikali ya Saudi Arabia ya mwaka 1933 ilitegemea mahujaji?
4. Simulia kisa cha Asmaa binti Abubakar (r.a.) na mama yake, kisha utaje funzo lake.
5. Ukiwa nyumbani, waulize wazazi wako: je, katika ukoo wetu yupo aliyesilimu ambaye bado hajaandika wasia wake?